Ncha za bawa zinazokunjwa: nini hasa kinachozishikilia angani?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa ufundi wa ndege. Kwa mradi wangu nimechora bawa ambalo ncha yake hukunjwa kwenda juu, kama la Boeing 777X. Silinda moja ya haidroliki ndiyo inayokunja na kukunjua, na ncha ikishakunjuliwa shinikizo hubaki ndani ya silinda ili isirudi juu. Nimeongeza pini moja ya usalama, pamoja na sensa ya shinikizo inayomwashia rubani taa ya kijani. Mwalimu amenirudishia mchoro na kuandika pembeni: "Tenganisha komeo na kufuli." Sielewi. Kama pini ina nguvu ya kutosha, kufuli ni ya nini tena? Na nianzie wapi kurekebisha?

Jibu: Mwalimu wako amegusa kiini cha jambo, lakini kabla ya kufuli kuna tatizo kubwa zaidi, nalo ni silinda yako. Umeipa kazi isiyoiweza.

Tazama nguvu zinavyopita. Ncha inayokunjwa kwenda juu huwekewa bawaba karibu na ngozi ya juu ya bawa. Ndege ikiwa angani, hewa huisukuma ncha hiyo juu, yaani upande uleule inakokunjwa. Kwa hiyo safari nzima hewa inajaribu kukunja bawa lako. Upande wa juu wa kiungo unabanwa, na mbano huo hupita kwenye bawaba. Upande wa chini unavutwa ufunguke. Kinachozuia usifunguke ni pini za chini.

Tuweke namba za mfano. Chukua momenti ya kupinda (nguvu mara umbali) ya kNm 150, yaani kilonewton-mita 150, kwenye kiungo, na umbali wa mita 0.3 kati ya mhimili wa bawaba na mhimili wa pini. Gawanya: kN 500, karibu sawa na uzito wa tani 50. Silinda haiwezi kukaa mbali na bawaba kiasi hicho. Mkono wake ukiwa mita 0.1 itabidi ishikilie kN 1,500. Kwa shinikizo la baa 207, la kawaida katika ndege nyingi za abiria, pistoni itahitaji kipenyo cha karibu sentimita 30. Bawa lenyewe pale lina unene wa kiasi hicho. Na hata ingeingia, sili moja (kizuizi cha mafuta) ikivuja ncha inaachiwa. Silinda au mota ipewe kazi ya kusogeza ncha chini uwanjani tu, pamoja na kuhimili upepo wakati ikisogea. Mzigo wa angani ubebwe na chuma kilichogusana na chuma.

Sasa pini. Zilaze sambamba na mstari wa bawaba, zipite katika masikio (vipande vya chuma vyenye tundu) ya ncha yaliyoingia kati ya masikio mawili ya bawa, ili mzigo wa kukata kila pini ugawanywe kwenye sura mbili, yaani sehemu mbili za mkato. Usitumie moja. Ukiwa na mbili zinazogawana kN 500, kila sura hubeba kN 125. Kwa kipenyo cha milimita 32 hiyo ni kama MPa (megapaskali) 155, na ukizidisha kwa 1.5 kupata mzigo wa mwisho, ambao muundo lazima uuhimili bila kuvunjika, unafika MPa 233. Pini moja ikivunjika, iliyobaki itabeba MPa 311 kwa mzigo wa kikomo (mkubwa kabisa unaotarajiwa kazini, kabla ya kuzidisha kwa 1.5), ambazo chuma kigumu cha ndege huzihimili bila shida. Ila usifurahie pini ukasahau tundu. Sikio la alumini huweza kutanuka au kuchanika kabla pini haijaonyesha dalili yoyote, hivyo kokotoa mgandamizo wa pini kwenye ukuta wa tundu, weka bushi (bomba fupi la kulinda tundu) ya chuma, na uhakikishe nyama ya kutosha kati ya tundu na ukingo. Ukokotoe pia hali ya pini moja kukosekana. Wanafunzi wengi huiruka hatua hiyo.

Hapo ndipo linapokuja swali lako. Pini iliyolala hivyo hubeba mzigo kwa ubavu. Mzigo mkuu wa angani hauisukumi kutoka kwa urefu wake. Hatari inayobaki ni ndogo kwa nguvu lakini kubwa kwa matokeo: mtikisiko wa saa nyingi unaoisogeza kidogokidogo, valvu inayovujisha mafuta kwenye silinda ya pini, au amri ya umeme inayotoka mahali pasipostahili. Komeo, yaani pini na mtambo wake, hubeba mzigo. Kufuli haibebi mzigo wa bawa hata kidogo. Kazi yake ni kuhakikisha komeo halirudi nyuma. Mlango wenye komeo zito lililopitishiwa kufuli ndogo hufanya kazi hivyohivyo: anayesukuma mlango anapambana na komeo, kufuli inasubiri tu.

Boeing 777X ilipoletwa kwa idhini, sheria za kawaida za Marekani hazikuwa na kifungu cha ncha zinazokunjwa, kwa hiyo mwaka 2018 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilitoa masharti maalumu namba 25-726-SC. Yasome yote, kwa sababu kila moja linajibu namna fulani ya ajali. Kwa mchoro wako manne ni ya lazima. Kufuli isiweze kuingia mahali pake kama komeo halijafika mwisho. Komeo lisiweze kufunguka kufuli ikiwa imeingia. Komeo liwe na njia yake yenyewe ya kubaki limefungwa, isiyotegemea kufuli. Na vyanzo vyote vya nguvu vinavyoweza kuanzisha ufunguzi vitengwe vyenyewe kabla ya kuruka, wala visiweze kurudishwa angani.

Masharti mawili ya kwanza hutimizwa kwa umbo la chuma. Ukiyaachia programu ya kompyuta, kosa moja la programu linayafuta yote mawili. Chonga mfuo kwenye wenzo unaosukuma pini, na kufuli iwe ulimi unaosukumwa na springi kuingia katika mfuo huo. Wenzo ukiwa umefika mwisho, mfuo uko mbele ya ulimi nao unaingia. Pini ikipungukiwa na milimita 3, ulimi unagonga mwili wa wenzo na kubaki nje. Springi isukume kuelekea kufunga. Nguvu ya haidroliki au umeme itumike kufungua tu, ili kila kinachokatika kiache kufuli ikiwa ndani. Halafu pima ulimi kwa nguvu ya adui wake halisi. Silinda ya pini yenye kipenyo cha milimita 40 kwa baa 207 husukuma kN 26. Mtu akitoa amri ya kufungua pini kabla kufuli haijatoka, silinda ndiyo inayotakiwa kukwama, kwa hiyo ulimi uhimili kN 39 bila kuvunjika, na wenzo usipinde kiasi cha kuuponyoka ulimi.

Sharti la tatu hupatikana kwa kiungo kinachopita kidogo mstari wa katikati na kuegemea kituo chake: ukisukuma pini kurudi, kiungo kinazidi kujikaza. La nne linahitaji valvu ya kutenga pamoja na njia ya kurudisha mafuta kwenye tangi. Kufunga valvu peke yake hakutoshi. Mafuta yaliyonaswa kwenye bomba hupanuka yakipata joto, na valvu inayovuja polepole hujenga shinikizo ambalo hakuna aliyeliamuru. Umeme nao ukatwe kwenye mzunguko wa kufungua kwa swichi zaidi ya moja zisizotegemeana.

Mfuatano wa kukunjua basi utakuwa hivi: nguvu inaruhusiwa, ncha inashuka hadi igote kwenye vituo vyake, pini zinaingia, viungo vinapita katikati, kufuli zinaingia kwa springi, sensa zinathibitisha, ndipo nguvu inatengwa na mabomba kuachiwa shinikizo. Hatua moja isianze kabla ya ile iliyotangulia kuthibitishwa. Kwa 777X zoezi zima huchukua kama sekunde 20.

Taa yako ya kijani inanitia wasiwasi kuliko yote. Sensa ya shinikizo inamwambia rubani kwamba pampu inafanya kazi. Haijui ncha iko wapi. Sensa isome kipande cha mwisho katika mnyororo, yaani ulimi wa kufuli wenyewe. Ukiiweka kwenye wenzo wa kuendeshea, fimbo ya kati ikikatika wenzo utasogea, taa itawaka, na kufuli itakuwa bado nje. Weka sensa mbili kwa kila kufuli, kila moja na waya wake, na nyingine kwenye kichwa cha pini upande wa pili wa sikio. Zikitofautiana, rubani aonyeshwe hitilafu. Mfumo usichague ile inayopendeza. Historia ina ushahidi: mwaka 1960 rubani wa ndege ya kivita F-8 Crusader wa jeshi la wanamaji la Marekani aliruka kutoka Napoli, Italia, mabawa yakiwa yamekunjwa, akafanikiwa kurudi na kutua. Haikuwa mara ya mwisho kwa ndege za aina hiyo. Kwa hatari kama hiyo FAA ilidai zaidi ya njia moja ya kumtahadharisha rubani, pamoja na njia ya kuzuia ndege isiruke. Mimi ningeongeza kijiti chekundu kinachochomoza juu ya bawa na kuzama kikamilifu kufuli ikiingia. Hakihitaji umeme, na fundi aliye chini anakiona.

Yanayoharibika kwa kweli kwenye kiungo kama hiki huanza na ulinganifu. Bawa hupinda kwa mafuta, joto na upepo, na matundu yakipishana hata kidogo pini inakwama nusu ya njia. Ipe ncha iliyochongoka, na vituo viweze kurekebishwa kwa shimu, yaani vipande vyembamba vya kujazia. Usiongeze nguvu ya silinda ili kulazimisha pini iingie. Utakwangua bushi na kuficha kosa la vituo.

Halafu kuna uchezaji. Bushi iliyolika milimita 0.1 kwa umbali wa mita 0.3 huiacha ncha ya mita 3.5 icheze karibu milimita 1.2 mwishoni. Macho hayaioni. Lakini ncha inayocheza hubadilisha mtetemo wa bawa zima, na kwa kasi fulani bawa linaweza kuanza kupepea kwa nguvu inayolivunja. Uchezaji upimwe kwa geji ya dayali, ncha ikisukumwa juu na chini kwa mzigo uliowekwa, na kikomo kiandikwe kwenye mwongozo wa matengenezo. Bushi zibadilishwe kabla ya kikomo kufikiwa.

Kutu hufuata: chuma na alumini vikikutana kwenye unyevu, alumini huliwa. Weka tundu la kutolea maji chini ya kila sikio, paka dawa ya kuziba wakati wa kuingiza bushi, na njia za greisi zifikike bila kufungua paneli. Maji yakituama kwenye mfuo wa kufuli yataganda kwenye baridi na ulimi hautaingia. Vumbi la chuma likishika uso wa sensa huweza kuifanya isome "karibu" wakati kitu kiko mbali, kwa hiyo usafi wa eneo lile ni sehemu ya usalama.

Ncha iliyokunjwa nayo inahitaji kushikiliwa. Masharti ya FAA yanataka ihimili upepo wa ulalo wa noti 65 (kama kilomita 120 kwa saa) kutoka upande wowote, na ifungwe ili isimwangukie mtu. Weka kufuli ya pili kwa hali hiyo, na pini ya fundi yenye utepe mwekundu.

Kuhusu pa kuanzia: angalia kwanza kama ncha inahitaji kubeba kitu chochote. Ile ya 777X haina mafuta wala kiwambo cha kuongozea, na hutosha kuipunguza 777-9 kutoka mita 71.75 hadi 64.85, chini ya kikomo cha mita 65 cha daraja E la viwanja katika kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Chaguo la kukunja lililotolewa kwa 777 ya awali lilikunja zaidi ya mita 6 kila upande, eleroni (kiwambo cha kuinamisha ndege) ikiwemo, na hakuna shirika lililolinunua. Ukiondoa kila kitu kwenye ncha, hakuna bomba wala kebo ya kupinda kwenye bawaba, ila waya za taa. Kisha chora pini na masikio kwa momenti yako halisi, ongeza kiungo cha kupita katikati, halafu ulimi na mfuo. Silinda ya kukunjia ichorwe mwisho, katika nafasi itakayobaki.