Maswali yenu: gari lenye gia lisilo na pedali ya klachi

Nusu oto ndiyo nini hasa? Ina klachi au haina?

Klachi ipo, ila mguu wako una kazi ndogo nayo au hauna kabisa. Anayeendesha gari la gia za mkono hufanya mambo mawili: kuachanisha injini na magurudumu, na kuchagua gia. Oto kamili humpokonya yote mawili. Nusu oto humwachia kipande cha kazi, na kila kiwanda kiliamua chenyewe kipande gani. Ndiyo maana magari haya hayafanani hata kidogo.

Nani alianza? Tunabishana gereji, mwenzangu anasema ni Wajerumani.

Mwenzako atafute hoja nyingine. Ford Model T ya 1908, ya Marekani, ilikuwa tayari na gia mbili za sayari (gia ndogo zinazozunguka gia ya katikati, kama sayari na jua) zinazobadilishwa kwa pedali. Lakini aliyelivusha jambo hili kwa vishindo ni Mwingereza, Walter Wilson, mmoja wa waliosanifu vifaru vya kwanza vya Vita Kuu ya Kwanza. Kifaru cha Mark I kilitaka watu wanne kukiendesha na kukigeuza tu. Kwa gia za Wilson, Mark V ya 1918 ikamtosha dereva mmoja. Vita vilipokwisha akahamishia ujuzi huo kwenye magari, na mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Armstrong Siddeley ikaanza kuuza magari yenye giaboksi yake.

Sasa sikiliza raha yake. Karibu na usukani kuna kijiti chenye namba. Uko gia ya 3, mbele unaona mlima, unasogeza kijiti kwenye 2. Gari halibadiliki, linaendelea na 3 yake. Ukifika mlimani unakanyaga pedali ya kushoto na kuiachia, 2 imeshaingia. Ndani ya giaboksi meno yameshikana muda wote. Kinachobadilika ni bendi ipi (mkanda wa kubana) inabana ngoma ipi (duara linalozunguka). Hakuna cha kusaga gia, na hapo ujue magari mengi ya wakati huo hayakuwa na sinkronaiza, yaani kifaa cha kulinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana.

Mwaka 1930 Daimler ya Uingereza wakaongeza kiungo cha oili. Piga picha ya feni mbili zinazotazamana ndani ya oili: injini inazungusha moja, oili inasukumwa, inaizungusha ya pili. Gari linasimama likiwa kwenye gia na injini haizimi. Mabasi ya RT ya London, yaliyoanza 1939, yalitumia giaboksi za ukoo huohuo, bendi zikibanwa kwa nguvu ya upepo, na ya mwisho yalistaafu 1979. Kwangu mimi hakuna nusu oto iliyoizidi hii. Kasoro yake ilikuwa pedali: ukiikanyaga nusunusu, ilikurudia kwa teke la kuumiza mguu.

Babu alikuwa akisifia Chrysler yenye klachi, lakini hukuhitaji kubadilisha gia. Inawezekanaje?

Babu hakutia chumvi. Chrysler walileta kiungo cha oili mwaka 1939, kisha 1941 wakaongeza giaboksi inayojibadilisha nusu. Klachi ya mguu ulihitaji unapochagua kundi la gia, la chini au la juu. Mjini ulitumia la juu tu. Unaondoka, unakoleza, unaachia mafuta kidogo, unasikia "tak!", gia imepanda, unakanyaga tena. Mwenye haraka zake alichoka nayo upesi.

Nimeona Volkswagen Kobe ya zamani yenye pedali mbili na gia ya mkono. Imechezewa?

Hapana, imetoka hivyo kiwandani, kuanzia matoleo ya 1968. Ina gia tatu, na kwenye shina la mkono wa gia kuna swichi. Ukigusa mkono huo tu, umeme unafungua valvu, na mvuto wa hewa kutoka kwenye injini unaachanisha klachi. Porsche 911 ya Sportomatic ilitumia ujanja kama huo. Kwa hiyo dereva mwenye mazoea ya kupumzisha mkono juu ya gia akome: klachi inaachia na injini inapiga kelele bure.

Mbona nusu oto zimepotea?

Oto kamili ilizibana mapema. Oktoba 1939 Oldsmobile walitangaza Hydra-Matic, gia nne bila klachi ya mguu, kwa nyongeza ya dola 57. Nusu oto zikabaki kwa wenye injini ndogo na kwa wabishi kama Citroën, ambao DS yao ya 1955 ilikuwa na mkono wa gia juu ya usukani, na mkono huohuo ndio uliowasha injini.

Pikipiki yangu ndogo ina gia lakini haina klachi ya mkono. Ni ndugu wa haya magari?

Ni ndugu kabisa. Chimbuko lake ni Honda Super Cub ya 1958, yenye klachi inayoshika yenyewe injini inapokolea. Soichiro Honda alitaka mpeleka chakula wa Japani aweze kuiendesha kwa mkono mmoja. Pedali ya gia nayo huachanisha klachi unapoikanyaga. Basi ukishusha gia usiiachie ghafla: kanyaga, shikilia, ongeza moto kidogo, kisha achia taratibu. Hapo haitakurusha.