Flashi ya mteja ikiangusha mashine: bagi ya kawaida au tundu la usalama? Mimi nasema inategemea nani kaimaunti

Mleta mada kauliza, ukichomeka flashi au diski usiyoijua asili yake, mashine ikaimaunti (ikaiunganisha ili mafaili yasomeke) alafu kerneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, ikaanguka, hilo lihesabiwe tundu la usalama au ni bagi tu kama bagi zingine. Naona wakuu wengi mmeshajibu sio tundu, hoja yenu ni kwamba kumaunti ni kazi ya root (msimamizi mwenye mamlaka yote kwenye mashine) na mwenye root akitaka kuzima mashine anazima tu hahitaji flashi. Nawaheshimu ila hapo nakataa, maana hii ndo kazi inayonilisha.

Niko huku mwisho wa reli, Kigoma, nina steshenari Mwanga. Tunaprinti, tunaskani, tunawajazia watu fomu za ajira na za mikopo ya chuo. Flashi zinazopita kaunta ni za kila aina, mwanafunzi, mwalimu katoka Ujiji, mara mtu kavuka ziwa toka Kalemie na makaratasi yake ya Kifaransa anataka kopi haraka awahi boti. Kompyuta za kaunta niliziwekea Linux badala ya Windows kwa sababu virusi vya shotikati vilikuwa vinatumaliza. Anayechomeka flashi ni dada wa kaunta, paswedi ya root hana na hajawahi kuihitaji, anachomeka tu dirisha linafunguka mafaili hayo hapo. Sasa hapo root ni nani wakuu? Ni udisks, programu inayokaa nyuma na kumaunti kwa niaba ya yeyote aliyekalia kiti. Kwaiyo hiyo "lazima uwe root" kwenye kompyuta ya mezani ya kawaida ilishakufa siku nyingi.

Kuna kijana alileta flashi aprintiwe ripoti ya fildi. Laptop ya kaunta ikaganda palepale, mausi haiendi, taa ya Caps Lock inawakawaka. Dada mmoja alikuwa anamalizia fomu yake ya ajira, imebaki kuambatanisha vyeti, yote ikapotea na siku ya mwisho ya kutuma ilikuwa ileile. Tukawasha, tukachomeka, ikaganda tena. Jioni nikaipeleka ile flashi kwenye mashine ya zamani isiyo na kitu, nikaisoma kwa dumpe2fs (programu ya kukagua taarifa za diski) bila kuimaunti, na hapo ndo nikaona mstari ulioniambia kila kitu: Errors behavior: Panic.

Kwa wasiojua, ext4 (mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski za Linux, na flashi ile ilikuwa nao) ina superbloku, ni kama kichwa cha habari cha diski nzima, na humo kuna sehemu inayosema ukikutana na kosa fanya nini: endelea, geuka kuwa ya kusoma tu, au angusha kerneli kabisa. Hiyo ya kuangusha ina maana yake kwenye seva, bora isimame kuliko iendelee kuharibu data. Shida ni kwamba agizo linasafiri na diski yenyewe! Flashi ile ilikuwa ya kaka yake anayeshughulika na seva, ilichomolewa vibaya ikabaki na makosa, hakuna mtu aliyekuwa na nia mbaya. Ila mwenye nia mbaya anaitengeneza hiyohiyo kwa amri moja ya tune2fs (programu ya kubadilisha mipangilio ya ext4) na kuharibu kidogo ndani, basi, mashine ya Linux inayomaunti yenyewe na kulifuata agizo hilo inalala.

Na hili sio langu peke yangu. Mwaka 2021 udisks ilipewa namba CVE-2021-3802 (CVE ni orodha ya matundu ya usalama yanayojulikana) kwa jambo hilihili, na dawa yake ikawa udisks yenyewe kuiamuru ext4 kwamba kosa likitokea igeuke ya kusoma tu, bila kujali diski inasema nini. Angalieni vizuri, ext4 haikuonekana na kosa, ilifanya ilichoambiwa. Tundu lilikuwa kwa yule anayemaunti vitu vya watu bila kuulizwa.

Watunzaji wa mifumo ya mafaili nawaelewa kwa kweli. Wako wachache, na syzkaller ya Google, programu ya kusaka bagi za kerneli, inawamwagia diski za kutungwa ambazo hakuna kifaa kingeziandika kwa bahati mbaya. Code yao ilijengwa kuvumilia diski iliyochoka, sio diski iliyoandikwa na adui. Hata zile cheksamu (hesabu za kuhakiki data) za ext4 na za XFS, mfumo mwingine wa mafaili, zinakamata kuoza tu, adui anabadilisha data afu anapiga hesabu upya, hakuna siri yoyote ndani. Na kuipitisha fsck (programu ya kukagua na kurekebisha diski) kwanza kunasaidia ila sio kinga kamili, kifaa cha USB cha hila kinaweza kujibu hivi wakati wa kukaguliwa na kujibu vingine wakati wa kumauntiwa.

Lakini pia tusichukulie kuanguka kote ni sawa. Kerneli ikijisimamisha yenyewe umepoteza kazi na muda. Kerneli ikianguka kwa sababu imeandika nje ya memori iliyopewa, hapo mtu akikaa nayo vizuri anaweza kuendesha code yake. Machi 2025 Microsoft walitoa viraka vya matundu ya NTFS na Fast FAT, sehemu za Windows zinazosoma diski, CVE-2025-24993 na CVE-2025-24985, na tayari kuna watu walikuwa wanayatumia matundu hayo kushambulia, kinachotakiwa ni kumshawishi mtu amaunti faili la VHD (diski nzima iliyowekwa ndani ya faili). Hapo utasema bagi ya kawaida?

Mimi kaunta nimezima kumaunti kwa otomatiki. Flashi zote zinapita kwanza kwenye laptop moja ya zamani, ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta), ikianguka inaanguka yenyewe na fomu za watu ziko salama kwingine. Moduli (vipande vya kerneli) za mifumo ya mafaili nisiyoitumia nimezifungia kwenye modprobe.d, folda ya mipangilio ya moduli, wateja wangu karibu wote ni FAT32, exFAT na NTFS. Ext4 siwezi kuifunga maana ndo diski yangu mwenyewe imekaa humo, na ndo sababu bado naing'ang'ania ile mashine pepe hata foleni ikiwa ndefu.

Mleta mada, ukienda kuripoti ya kwako usiishie kuandika "kerneli imeanguka", andika aliyechomeka alikuwa na haki gani kwenye mashine na nani aliimaunti, mtu au programu. Na hiyo flashi usiifomati kwanza, chukua nakala yake nzima kwa amri ya dd.