Vizuizi vya kitanda kwa mama mwenye kusahau

Ndugu, nimekuelewa: mama yako amepungukiwa na kumbukumbu, hujaribu kushuka kitandani usiku, na makao ya wazee anakoishi yanataka kumwekea vizuizi vya pembeni. Usikubali kabla daktari hajamchunguza, kwa sababu mtu wa hali hiyo huweza kuvipanda na kuanguka kutoka juu zaidi, au akanaswa kichwa, shingo au kifua kati ya kizuizi na godoro hata akakosa pumzi. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2006 unashauri nafasi hiyo iwe chini ya milimita 120. Omba ipimwe ukiwepo. Mimi ningeanza na kitanda kinachoshushwa karibu na sakafu, godoro jembamba chini pembeni yake, na kumpeleka chooni kabla ya kulala, maana mara nyingi haja ndiyo humwamsha. Akinaswa hata mara moja, aonwe na daktari siku hiyo hiyo.