Maswali ya Wasomaji: Malkia Mmoja Ndani ya Chupa ya Mayonezi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto wanne, tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Mwezi wa Novemba, jioni moja baada ya mvua kubwa, binti yangu mwenye miaka 13 aliokota mlangoni sisimizi mweusi mkubwa ajabu, ambaye mabawa yalikuwa yamekwisha kumtoka. Mwalimu wake akamwambia kwamba huyo ni malkia, na kwamba akimtunza vizuri atazaa kundi zima. Tangu siku hiyo anamweka katika chupa ya mayonezi iliyojaa udongo, anampa sukari kila asubuhi, na anafukua kidogo ili aone kama ametaga. Katika juma la tatu tuliona mayai kama 10 hivi. Siku mbili baadaye hatukuona hata moja, ingawa malkia mwenyewe ni mzima. Tunakosea wapi? Tena jirani yangu anasema kwamba wakishazaliana watatuhamisha nyumbani. Je, ni kweli?
Mama wa watoto wanne, Katuba

JIBU: Mama, mayai hayo aliyala malkia mwenyewe. Jike aliye peke yake, akitikiswa na kumulikwa kila kukicha, huona kwamba mahali hapo hapafai kulelea, basi huirudisha tumboni akiba aliyokuwa ameitoa na kungoja wakati wa utulivu ili ajaribu tena. Chupa ya mayonezi ina upungufu wake, nao nitaueleza, lakini kilichowala watoto wa malkia huyo, tukisema kweli, ni mkono wa kila asubuhi.

Ili binti akubali kuuzuia mkono huo, afahamu kwanza kinachotendeka ndani ya mwili wa malkia. Siku ile moja aliyoruka, alipandwa na madume, na mbegu alizozipokea anazitunza katika kifuko kidogo tumboni na atazitumia maisha yake yote. Madume wenyewe hufa muda mfupi baada ya kuruka. Mabawa akishayang'oa hayana kazi tena, lakini misuli mikubwa iliyokuwa ikiyapiga bado imo kifuani, na hiyo ndiyo ghala yake. Misuli hiyo, pamoja na mafuta ya tumboni, huyeyuka polepole ikawa chakula chake na cha mabuu wake wa kwanza, ambao huwalisha kwa mdomo. Kwa hiyo majike wa sisimizi wakubwa ambao wataalamu huwaita Camponotus, na kwa maelezo yako nadhani huyo wenu ni mmoja wao, hujifungia chini ya ardhi wasionje kitu chochote kwa majuma mengi. Sukari ya kila asubuhi haimsaidii. Huota ukungu, na huwaita sisimizi wadogo wa jikoni, ambao wakimfikia watamrarua vipande vipande.

Sasa mwondoeni katika udongo, maana humo hamwezi kumwona bila kufukua. Tafuteni mrija wa kioo wa maabara, wenye urefu wa sentimita 15 hivi na upana unaokaribia kidole gumba. Tieni maji yaliyochemshwa na kupoa hadi theluthi moja, kisha sukumeni pamba ya duka la dawa kwa kijiti mpaka iguse maji na kulowa, pasibaki hewa kati ya pamba na maji, nayo ikaze kiasi kwamba mrija ukiinamishwa hakuna tone linalopenya. Malkia ataingia katika nafasi iliyobaki mbele, ambayo sentimita 4 au 5 zinatosha, kwa sababu huko porini chumba chake cha kwanza hakizidi hapo, na chumba kikubwa kingemfanya atangetange. Mdomo wa mrija mtauziba kwa pamba kavu isiyokazwa sana, ili hewa ipite. Ulazeni mrija katika boksi la viatu, mlifunike, na mliweke mahali ambapo mlango ukipigwa kwa nguvu halitetemeki.

Halafu mwacheni. Najua kwamba kwa mtoto wa miaka 13 neno hilo ni gumu kuliko kazi yote ya pamba na maji, kwa hiyo mpeni ruhusa ya kuangalia mara moja kwa juma, siku ileile, kwa dakika moja, akitumia tochi ya simu iliyofunikwa kwa nailoni nyekundu, kwa kuwa sisimizi huiona rangi nyekundu kwa shida. Ana mengi ya kuona katika dakika hiyo. Mayai ni vipunje vyeupe vilivyorefuka kidogo, vimeshikamanishwa kwa mate kama tonge dogo, na malkia hulihamisha tonge hilo kwa taya karibu na pamba au mbali nayo, kadiri unyevu unavyopanda na kushuka. Baadaye kati ya mayai huonekana vijibuu vilivyopinda, visivyo na miguu. Buu akishiba hujisokotea kifuko cha nyuzi chenye rangi ya udongo mkavu, na siku chache baadaye mwenye macho makali ataona doa jeusi kwenye ncha moja ya kifuko: huo ni uchafu wote wa tumbo, ambao buu huutoa mara moja tu, kabla ya kugeuka. Doa hilo likionekana, binti anaweza kuanza kuhesabu majuma. Joto likiwa la nyuzi 24 hadi 28, safari nzima kutoka yai hadi mfanyakazi wa kwanza huchukua kati ya mwezi mmoja na miezi miwili.

Wafanyakazi hao wa kwanza watakuwa wachache na wadogo kuliko wale mnaowaona wakipita ukutani, kwa sababu mama yao amewagawia mwili wake mwenyewe, nao hautoshi kumkuza yeyote kati yao apate umbo kamili. Msidhani ni wagonjwa. Hapo ndipo chakula kinapoanza, nacho kiwe kidogo mno: tone la asali iliyochanganywa na maji, dogo kama kichwa cha kiberiti, juu ya kipande cha karatasi ya plastiki; na mara mbili kwa juma paja la panzi au kipande cha kumbikumbi kilichochovywa kwanza katika maji ya moto. Utamu ni nguvu ya wafanyakazi, lakini mabuu hawakui bila nyama, na anayewapa sukari peke yake atashangaa kuona kundi limedumaa. Mabaki yatolewe siku inayofuata.

Mdudu wa kuwalisha asiwe amekufa kwa dawa. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu katika nyumba zetu mbu hupigwa dawa karibu kila usiku, na dawa hizo, pamoja na zile za kuwasha zinazotoa moshi, haziwabagui mbu na sisimizi. Boksi lisikae katika chumba kinachopuliziwa dawa, na mkono ulioshika kopo la dawa uoshwe kwa sabuni kabla ya kugusa mrija.

Jambo la pili la hatari kwetu ni baridi ya mwezi wa Juni na Julai. Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa miezi hiyo wageni kutoka Kinshasa hututania kwa makoti yetu. Mabuu husimama kukua, malkia huacha kutaga, na mtunzaji huingiwa na wasiwasi. Nami niliingiwa na wasiwasi huo huo: Julai moja niliuweka mrija wangu hatua mbili kutoka kwenye mbabula, jiko letu la makaa, nikiona kwamba nafanya wema. Joto lilipanua hewa iliyokuwa imejificha nyuma ya pamba, hewa ikayasukuma maji, na asubuhi nilimkuta malkia akielea pamoja na pupa wake saba, yaani watoto waliokuwa wakigeuka ndani ya vifuko. Baridi peke yake isingemwua. Angelala tu na kuamka Septemba. Mkitaka kumsaidia, funikeni boksi kwa kitambaa kizito cha sufu, basi.

Kuhusu jirani, mwambieni asiogope. Malkia mmoja na watoto wake huwa makumi machache tu baada ya mwaka wa kwanza, na wafanyakazi wakitoroka bila mama yao hawawezi kuanzisha kundi lingine. Wakizidi 20 au 30, unganisheni mrija na kisanduku kidogo cha plastiki kitakachokuwa uwanja wao wa kutafuta chakula, na kando za juu, upande wa ndani, mpake vaselini, au mkiweke juu ya sahani yenye maji kama tunavyofanya na bakuli la sukari. Msiwahamishie haraka katika jumba kubwa la plasta, hata kama linapendeza. Mfaransa Charles Janet aliyaonyesha majumba ya namna hiyo mjini Paris katika maonyesho makubwa ya mwaka 1900, na mpaka leo wanaoanza huyaona wakasahau kwamba kundi dogo katika nafasi kubwa hufanya pembe moja kuwa jaa la takataka, na ukungu hufuata.

Wasiwasi ulio wa haki, mama, ni mwingine. Malkia mmoja wa sisimizi weusi wa bustani wa Ulaya aliishi karibu miaka 29 katika kifungo cha mtunzaji wake. Si kila aina hufika huko, lakini binti yako ajue kwamba huenda malkia huyu akawapo bado siku atakapoolewa. Akichoka naye mapema, amrudishe na kundi lake lote mahali alipomwokota, msimu wa mvua, na wala si katika mkoa mwingine.

Na kama miezi miwili itapita katika utulivu kamili bila yai hata moja, inawezekana kwamba hakupandwa. Kung'oa mabawa si ushahidi. Wako wanaoyang'oa wakiwa bado hawajakutana na dume.

SWALI: Nimesikia kwamba Ulaya malkia wa sisimizi huuzwa kwa fedha nyingi. Hapa kwetu mvua za kwanza zikinyesha wanajaa chini ya taa, bure. Nikikusanya mia moja, nawezaje kuwapeleka?
Kijana wa Ruashi

JIBU: Usiwapeleke, ndugu yangu. Mwezi wa Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa nchini Kenya wakiwa na malkia wapatao 5,000, wengi wao wa aina ya Messor cephalotes, kila mrija na pamba yake kama nilivyomweleza mama wa Katuba hapo juu. Mwezi uliofuata mahakama iliwatoza kila mmoja faini ya shilingi milioni 1 za Kenya, au kifungo cha miezi 12. Aina hiyo hukusanya mbegu za nyasi na kuzisambaza, na kila malkia anayeondolewa ni kiota kizima kisichoanza. Tena yule anayetoroka katika nchi ya watu huenda akawa balaa huko. Sisimizi wenye vichwa vikubwa, Pheidole megacephala, ambao asili yao ni Afrika, walifika visiwa vya Hawaii kwa meli, na kule waliwamaliza wadudu wengi wa asili. Chukua mmoja, umlee, uwaonyeshe wadogo zako.

SWALI: Je, siafu nao wanaweza kulelewa kwa malkia mmoja?
Msomaji wa Kamalondo

JIBU: Hawawezi. Malkia wa siafu hana mabawa maishani mwake mwote na hawezi kuishi peke yake. Kundi jipya hupatikana kwa kundi kubwa kugawanyika, nusu moja ikaondoka na malkia mmojawapo. Ukikutana naye akiwa peke yake, basi kundi lake limeharibiwa.

SWALI: Wanafunzi wangu walikusanya malkia 20 chini ya taa ya shule, tukawatia katika mirija yenye pamba na maji, sawasawa na maelekezo. Kabla ya juma la pili wote walikuwa wamekufa. Walikuwa na rangi ya kahawia, wanene, na mabawa marefu.
Mwalimu, Kampemba

JIBU: Mwalimu, hao walikuwa kumbikumbi, ambao wengi hapa mjini huwaita inswa, nao ni mchwa wenye mabawa. Mchwa na sisimizi hawana udugu wa karibu. Mchwa ni jamaa ya mende. Safari ijayo wanafunzi wachukue kioo cha kukuzia, wamtazame mdudu kwa zamu. Sisimizi ana kiuno chembamba kama kilichofungwa uzi, papasi zake zimekunjika kama kiwiko, na mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Kumbikumbi hana kiuno, papasi zake zimenyooka kama ushanga mdogo uliotungwa, na mabawa yote manne yanalingana.

Hata kama wangekuwa wazima, mrija usingewafaa. Jike wa mchwa huhitaji dume wake, ambaye hukaa naye chumbani maisha yote, na wale wa Macrotermes, wajenzi wa vichuguu virefu ambavyo watu wetu huvichimba kufyatulia matofali, hulima kuvu ndani ya kiota, na bila kuvu hiyo watoto wao hawana chakula. Hilo ni somo zuri la ubaoni, lakini kulifanya darasani ni kazi ngumu. Kwa sisimizi, wapeleke wanafunzi nje asubuhi inayofuata mvua kubwa, jua likianza kukausha njia, wamtafute jike mweusi asiye na mabawa anayekwenda upesi ukutani akichungulia kila ufa. Na kumbikumbi waliobaki kwenye ndoo, kama wazazi hawajawakaanga, hifadhini wachache: mabuu wa sisimizi watawahitaji.