Nichane daftari la madeni la kaka?

Anti shikamoo. Kaka yangu alifariki, alikuwa anauza spana, jeki na bisibisi kwa mafundi gereji pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, anawafuata mpaka chini ya gari, fundi hana hela anaandikwa kwenye daftari analipa mdogomdogo. Arobaini imepita, nataka nichane hilo daftari tumkumbuke kwa wema wake ila wifi hataki. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu, poleni. Usichane! Hayo madeni ni mali ya marehemu, yanaingia kwenye mirathi, kama kaacha watoto ni haki yao, wewe huwezi kusamehe peke yako hata roho ikikutuma vipi. Kaeni kikao cha ukoo mpendekeze msimamizi wa mirathi, akathibitishwe Mahakama ya Mwanzo, halafu ndo mafundi wafuatwe kistaarabu, na wengi watalipa tu maana spana namba 10 wanaishika kutwa kwenye hizo Toyota (na ndo inayopotea kuliko zote, sijui huwa zinaenda wapi). Aliyekwama kweli mpeni muda, Kurani 2:280 inasema hivyohivyo na kusamehe ni sadaka, ila kila mrithi asamehe fungu lake. Ukitaka kumkumbuka, nunua seti ya spana kwa hela yako umpe kijana anayejifunza ufundi palepale. Wifi yuko sahihi, msimnunie.