Theodore Roosevelt: mjomba au baba mkubwa wa Eleanor?

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia, Tanga. Makala niliyowapa wanafunzi inasema Rais Theodore Roosevelt alikuwa "mjomba" wa Eleanor, mke wa Rais Franklin Roosevelt, na "binamu wa tano" wa Franklin huyo. Mwanafunzi mmoja akapinga hilo la mjomba. Nani yuko sahihi? Na kitukuu akizaa, mtoto wake huitwaje?

Jibu: Mwanafunzi wako yuko sahihi, na ningependa umpongeze mbele ya wenzake.

Mjomba ni ndugu wa kiume wa mama. Baba yake Eleanor ni Elliott Roosevelt, aliyezaliwa mwaka 1860, na Theodore ni kaka yake, wa mwaka 1858. Kwa hiyo Theodore ni baba mkubwa wa Eleanor. Watu wa pwani wangemwita ami au amu. Wajomba zake walikuwa akina Hall, ndugu za mama yake Anna. Vivyo hivyo Eleanor hakuwa mpwa wa Theodore, maana mpwa wa mwanamume ni mtoto wa dada yake. Mtoto wa mdogo wako wa kiume ni mwanao.

Ninalishikilia jambo hili kwa sababu neno likikosewa, kisa nacho hupotea. Eleanor alifiwa na baba yake mwaka 1894. Alipoolewa na Franklin mjini New York tarehe 17 Machi 1905, aliyemkabidhi kwa bwana arusi ni Theodore, wakati huo akiwa rais. Andika "mjomba" na msomaji wetu atashangaa mjomba amefuata nini mahali pa baba. Andika "baba mkubwa" na hana la kuuliza: baba hayupo, kaka yake amesimama. Hata jina halikubadilika. Bibi arusi alikuwa Roosevelt kabla ya kuolewa na Roosevelt mwingine.

Wanaotafsiri hukwama kwa kuwa Kiingereza kina neno moja tu kwa wote hawa, "uncle", nao huliwekea "mjomba" kila linapotokea. Hebu mtazame Ted Kennedy, aliyekaa Seneti ya Marekani tangu 1962 hadi alipofariki mwaka 2009. Ndiye kitindamimba wa watoto tisa. Kwa Caroline, binti wa Rais John F. Kennedy aliyekuja kuwa balozi nchini Japani na Australia, Ted ni baba mdogo. Ni baba mdogo pia kwa Joseph, mwana wa kaka yake Robert, aliyekuwa mbunge kuanzia 1987 hadi 1999. Lakini kwa watoto wa dada yake Eunice, akina Shriver, hapo ndipo anapokuwa mjomba. Katika ukoo huohuo, babu mzaa baba wa John F. Kennedy alikuwa mjumbe wa bunge la jimbo la Massachusetts, na babu mzaa mama, John Fitzgerald, alikuwa meya wa Boston. Jina la kati la rais huyo limetoka kwa huyo wa pili.

Mazungumzo ya mtaani sina ugomvi nayo. Vijana wengi huwaita wote "anko", na wanaelewana. Kitabu cha darasani hakina ruhusa hiyo.

"Binamu wa tano" liache kabisa. Kiswahili hakiwahesabu mabinamu kwa namba. Sema Theodore na Franklin walikuwa jamaa wa mbali wa ukoo mmoja.

Sasa kitukuu. Mtoto wake ni kilembwe, na mtoto wa kilembwe ni kilembwekeza. Ukoo wa Adams utakufaa sana kwa kuyafundisha maneno haya. John Adams alikuwa rais kuanzia 1797 hadi 1801. Mwanawe, John Quincy, akawa rais mwaka 1825. Mjukuu, Charles Francis, aliiwakilisha Marekani mjini London wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kitukuu, John Quincy wa pili, aliingia bunge la Massachusetts. Kilembwe, naye Charles Francis kwa jina, alikuwa waziri wa jeshi la majini chini ya Rais Hoover, 1929 hadi 1933. Ukimwita kilembwe wa John Adams umemaliza. Ukimwita "kizazi cha tano" tu, wanafunzi watauliza kama John mwenyewe umemhesabu.