Maswali na Majibu: Kumwinda Elki kwa Upinde kwa Mara ya Kwanza

Kila majira ya kuchipua, majimbo ya magharibi ya Marekani yanapotangaza majina ya walioshinda bahati nasibu za vibali vya uwindaji, barua za wasomaji wetu wanaoishi huko huongezeka. Safari hii wengi wameandika kuhusu elki, na karibu wote wanakwenda kumwinda kwa upinde ilhali hawajawahi kuwinda hata sungura. Kwa asiyemjua, elki ni mnyama anayemkumbusha mtu kuro wa Mikumi kwa umbo na kwa weupe wa matakoni, ila pembe zake zina matawi, nazo huanguka na kuota upya kila mwaka. Dume aliyekomaa wa Milima ya Rocky huwa na kilo 300 au zaidi, na jike hukaribia kilo 220. Jina lake la pili, wapiti, limetoka katika lugha ya Washawnee, wenyeji wa asili wa Amerika, nalo linatokana na huo huo weupe wa matakoni.

Rafiki zangu wananiambia kwamba kibali nilichopata ni cha mara moja maishani. Je, hiyo ni sheria au ni namna ya kusema tu? (Msomaji wa Aurora, Colorado)

Kwako wewe wa Colorado ni namna ya kusema, lakini ina ukweli mzito ndani yake. Yapo majimbo ambako ni sheria kamili: North Dakota, kwa mfano, humpa mkazi wake kibali cha elki kwa bahati nasibu mara moja katika uhai wake. Colorado, jimbo lenye elki wengi kuliko mengine yote, hutumia pointi. Anayeomba akakosa huongezewa pointi moja kwa mwaka, na yako maeneo machache, yale yanayosifika kwa madume makubwa, ambayo huhitaji pointi za miaka ishirini au zaidi. Ukipata kibali, pointi zako hurudi sifuri. Aliyebahatika akiwa na umri wa miaka 45 na ajipigie hesabu mwenyewe.

Kabla ya kununua hata mshale mmoja, hakikisha una cheti cha mafunzo ya uwindaji, ambacho Colorado hukidai kwa kila mtu aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baada yake. Soma pia kijitabu cha kanuni cha mwaka huu huu, usiazime cha mwenzako cha miaka mitatu iliyopita, kwa kuwa kanuni hubadilika. Tangu mwaka 2025, kwa mfano, wawindaji kutoka majimbo mengine hawawezi tena kujinunulia kibali cha elki cha upinde bila kupitia bahati nasibu katika maeneo ya Colorado ambako zamani kiliuzwa kwa yeyote aliyekitaka.

Sijawahi kushika upinde, na msimu unaanza mwishoni mwa Agosti. Je, miezi minne inatosha? (Msomaji wa Boise, Idaho)

Inatosha, ndugu yangu, ukianza wiki hii. Anza kwa kujiandikisha katika mafunzo ya uwindaji wa upinde, kwa sababu Idaho haitakupa leseni ya upinde bila cheti hicho, au bila ushahidi kwamba uliwahi kuwa na leseni ya namna hiyo, na nafasi za masomo hujaa mapema. Kisha nenda kwenye duka la pinde wakupime urefu wa mkono na wa kuvuta. Upinde unaotumiwa na wengi siku hizi ni ule wenye kapi kwenye ncha zake mbili: unakuwa mzito katikati ya mvuto, halafu kapi zikishageuka unalegea, nawe unaweza kuushikilia ukilenga bila kutetemeka. Sheria ya Idaho inataka upinde ambao kuuvuta kunahitaji nguvu ya pauni 40 au zaidi. Kwa elki ningekushauri ulenge pauni 50 hadi 60, ufike huko polepole, kwa kuwa anayeanza na uzito asioumudu hujifunza makosa ambayo bega lake halitayasahau.

Mwezi wa kwanza piga ukiwa karibu, mita kumi tu, mishale michache kila siku, mpaka mkono ujue njia yake. Baadaye weka sahani ya bati yenye upana wa sentimita 20 kuwa kipimo chako, na umbali wako wa kuwinda uwe ule ambao mishale yako yote mitano huangukia ndani ya sahani hiyo, siku mbaya na siku nzuri. Kwa anayeanza, umbali huo mara nyingi ni mita 25 hadi 30, nami naona hauna aibu yoyote. Kuanzia Julai acha kupiga ukiwa umesimama wima uwanjani kama askari wa gwaride. Piga ukiwa umepiga magoti, ukiwa na mkoba mgongoni, ukiwa unahema baada ya kupanda ngazi, na ukielekeza upinde juu au chini ya kilima.

Zoezi nililoliona likiwafaa wengi kuliko mengine yote ni la mshale mmoja wa asubuhi. Unaamka, mwili haujapata joto, unatoka na mshale mmoja na chembe yake ya kuwindia, yaani kile chuma chenye makali cha nchani, unapiga mara moja, unarudi ndani. Mlimani utapewa mshale kama huo, wala hutapewa wa kujaribia.

Babu yangu alikuwa Mkamba, mwindaji wa mishale ya sumu. Je, aliyonisimulia yanaweza kunisaidia huku? (Msomaji wa Minneapolis, Minnesota)

Swali lako limenigusa, na jibu lake lina pande mbili. Babu yako alitumia sumu ya mti iliyochemshwa mpaka ikawa nzito na nyeusi kama lami, sumu inayousimamisha moyo. Kwake yeye kazi ya mshale ilikuwa kuifikisha sumu kwenye damu, kwa hiyo hata jeraha la pajani liliweza kumwangusha mnyama. Huku magharibi sumu ni marufuku kabisa, na mshale wako utaua kwa njia moja tu, nayo ni kukata. Chembe kali kama wembe hupita katika mapafu yote mawili, damu hutoka ndani na nje, na elki aliyepigwa vizuri mara nyingi huanguka ndani ya mita mia moja na hamsini. Mshale uleule ukipita sentimita 30 nyuma ya hapo, kwenye matumbo, utamtesa mnyama kwa saa nyingi, na huenda usimwone tena.

Ndiyo maana nashikilia kwamba asiyeweza kuuzuia mshale wake hajawa tayari kwenda. Subiri elki akupe ubavu, au awe amegeuka kidogo akitazama mbele huku matako yake yakikuelekea, halafu lenga nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi ya chini ya kifua. Kombe la bega la elki ni nene, na mshale ukiligonga waweza kusimama hapo hapo. Akiwa anakutazama uso kwa uso, muache. Akiwa anatembea, muache. Majani yakiwa yamefunika kifua chake, muache, hata kama ni dume ambaye pembe zake hujawahi kuziona mfano wake. Mshale wenye uzito wa jumla wa gramu 28 hadi 32 unafaa, na chembe zisizo na sehemu za kufunguka ndizo ninazompendekezea mwenye upinde wa nguvu ya wastani.

Upande wa pili ni kwamba masimulizi ya babu kuhusu kufuata nyayo yatakusaidia kuliko kifaa chochote cha dukani. Ukishapiga, usiondoke pale ulipo. Kumbuka mti aliosimama chini yake na mahali ulipomwona mara ya mwisho, kisha kaa chini nusu saa nzima kwa saa yako ya mkononi. Nenda taratibu ukautafute mshale. Mwaka mmoja niliukuta umejichoma ardhini, na kwenye jani la manjano la mti wa aspeni palikuwa na damu nyekundu-pinki yenye mapovu madogo, kama povu la maziwa yaliyokamuliwa punde. Hayo ni mapafu, na dume alikuwa amelala hatua sitini mbele. Damu nzito iliyokoza, inayokaribia weusi, ni ya ini: subiri saa kadhaa. Ukiona uchafu wa kijani na kunusa harufu ya tumbo, ondoka kimyakimya ukarudi baada ya saa nane au zaidi, kwa sababu ukimfuata mapema atainuka, na atakwenda kufia mahali ambapo wewe hutafika.

Mimi ni Mwislamu. Je, nyama ya mnyama aliyekufa kwa mshale ni halali? (Msomaji wa Columbus, Ohio)

Zipo Hadithi za Adi bin Hatim, zilizomo katika Bukhari na Muslim, zinazohusu jambo hili hasa. Mwenye kuwinda hutaja jina la Mwenyezi Mungu anapouachia mshale. Mnyama akiuawa kwa makali yaliyopenya analiwa, akiuawa kwa kugongwa na ubapa haliwi. Akipatikana baada ya siku moja au mbili akiwa hana alama nyingine ila ya mshale wako, analiwa. Akikutwa ndani ya maji, haliwi. Ukimkuta bado yu hai, unapaswa kumchinja, na hapa nakuonya kama mwindaji: dume aliyejeruhiwa ana pembe na kwato za kuua, kwa hiyo panga na mwenzako mapema namna ya kumkaribia, ukitokea nyuma. Yaliyobaki muulize shehe wako kabla ya safari.

Je, ni lazima kununua nguo za madoadoa za bei ghali? (Msomaji wa Aurora, Colorado)

Si lazima. Nguo yoyote yenye rangi ya kufifia, isiyochakarisha unapotembea, inatosha. Fedha zako zipeleke kwenye viatu, navyo vivae tangu Juni.

Macho ya elki unaweza kuyakwepa kwa kutulia, ila pua yake haikwepeki. Mlimani hewa hushuka bondeni alfajiri kukiwa na baridi, jua likishapiga mteremko huanza kupanda, na jioni hushuka tena. Basi asubuhi mkaribie ukitokea chini au ubavuni, na jua likishashika uwe juu yake. Tembea na kichupa cha unga laini, ukipulize kila baada ya dakika chache uone hewa inaelekea wapi. Septemba ni msimu wa kupandana, na dume hulia kwa sauti ndefu inayoanza kwa mngurumo na kupanda hadi mluzi mkali. Ukimwita kwa sauti ya jike, mara nyingi hatakuja moja kwa moja: atazunguka apate upande wa demani, kama wasemavyo mabaharia, yaani upande ambako upepo unaelekea, ili aipate harufu yako kabla hajajionyesha. Kwa sababu hiyo mwita elki hukaa nyuma, na mpiga mshale hukaa mbele yake mita hamsini hivi, akisogea upande ambako dume atapitia.

Nikitumia kibali hiki nikarudi mikono mitupu, je? (Msomaji wa Fargo, North Dakota)

Jiandae kwa hilo tangu sasa. Kwa kawaida, katika kila wawindaji kumi wa elki wanaotumia upinde, anayefanikiwa ni mmoja au wawili. Kinachoongeza nafasi yako ni siku: omba likizo ya siku kumi badala ya wikiendi mbili, na kibali chako kikiruhusu jike, usimdharau.

Mume wangu ndiye aliyepata kibali cha Colorado, lakini mpishi ni mimi. Je, nyama itafika vipi Houston ikiwa salama? (Msomaji wa Houston, Texas)

Dada, hili ndilo swali nililotamani wanaume wangeliuliza. Septemba mlimani mchana huwa na joto, na mwili wa elki hushika joto kama chungu kilichoepuliwa jikoni. Mwaka wangu wa kwanza nilimwacha jike na ngozi yake usiku kucha nikidhani baridi itatosha. Asubuhi, nilipokata karibu na mfupa wa paja, nyama ilikuwa imegeuka kijivu na harufu yake ilinifanya nirudi nyuma. Tulitupa paja zima, na bado linaniuma.

Mwambie mumeo achune upande mmoja mara tu mnyama anapopatikana, atoe mguu wa mbele, paja, sarara na nyama ya shingo, amgeuze afanye upande wa pili, kisha atoe nyama laini ya ndani karibu na figo. Si lazima kupasua tumbo kwanza. Kila kipande kiingie katika mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa, kining'inizwe kivulini kisigusane na kingine, na mifuko ya plastiki isitumike mpaka nyama iwe imepoa kabisa. Kanuni zinadai alama ya jinsia, yaani kiungo kinachoonyesha kama mnyama ni dume au jike, ibaki imeshikana na sehemu ya nyama. Paja moja la dume na mfupa wake hufika kilo 30, kwa hiyo mmoja peke yake atapanda na kushuka mara tano au sita, na asiye na wenzake asiwinde umbali wa kilomita nane kutoka barabarani. Pembe zibebwe mwisho.

Kuna pia ugonjwa unaodhoofisha ubongo wa elki na jamaa zake, uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967. Haujathibitishwa kumwambukiza binadamu, lakini wataalamu wa afya wa Marekani wanashauri mnyama aliyekutwa nao asiliwe. Peleka kichwa kikapimwe, wala msivushe ubongo na uti wa mgongo kwenda jimbo jingine, kwani majimbo mengi yanakataza. Toeni nyama kwenye mifupa kabla ya kuondoka, muijaze katika masanduku ya barafu, na kila mnaposimama kutia gari mafuta fungueni tundu la chini la sanduku maji yatoke, kisha ongezeni barafu.

Nyumbani igandishe kwa vifurushi vya mlo mmoja, uandike juu ya kila kimoja namba ya kipimo, usubiri majibu. Elki hana mafuta mengi, kwa hiyo muundi wake upike taratibu kwa tui na tangawizi kwa saa tatu, na sarara uikate vipande vinene, chumvi na pilipili manga tu, dakika tatu kila upande juu ya moto mkali.